Bipele bya Keren ku shavu ya kushoto

Gaëlle, haya itaniua! Minatoka kliniki na mutoto wangu Keren. Unajua bile bipele bya ku shavu: tunapaka dawa, binakauka, binarudia.

Nesi ananiambia: «Bamayo, mubebe ku mugongo vile unamubebaka.» Namubeba. Paf, ananinusa bega. Ananinusa, Gaëlle, mbele ya bamama bote!

«Unapakaka nini apa?»

Nikamwambia chini-chini. Ni ile mafuta ya kuwa mweupe.

«Shavu yake inalalaka juu ya ile mafuta. Ndiyo maana bipele biko upande moja tu.»

Upande moja tu! Na miye sikuonaka!

Mama moja akasema: «Eh, ule weupe unaunguza mutoto!» Bote bakacheka.

Nimejisugua na sabuni mpaka ngozi inauma. Sasa Keren analilia mugongo, na miye naogopa kumubeba.