Sakafu ya Jumamosi

Jumatatu, 10 Oktoba 1966
Hesabu, kisha Dini. Wana wawili: mmoja alisema siendi, halafu akaenda shambani kwa baba yake; wa pili alisema naenda, asiende. Nani alitii? Mikono juu.
Baadaye Mwalimu Mkuu akaniita. Atieno wa darasa langu la saba amekosa tena kusiriba sakafu Jumamosi. Wenzake huja na udongo na mavi ya ng'ombe. Yeye haji, kwao wanashika Sabato. Akikosa mara nyingine, kwenye fomu ya shule ya bweni, penye Tabia, ataandikiwa: mkaidi. Wa kwanza kwa hesabu! Neno moja limfungie mlango.

Jumanne, 11
Nimeomba kazi ihamie Ijumaa. Amekataa. Ijumaa ni mpira. Kijana wa chuo huyo. Mimi nilisoma kwa posta nikiuza samaki Rangwe, kwa hiyo sina akili. Nimeudhika.

Alhamisi, 13
Nimepata njia. Sabato huisha jua likizama. Atieno atakuja na mama yake Jumamosi jioni, wenzake wamwachie upande wa mbele. Ibada ya Jumapili ni humo humo darasani, saa tatu. Nimepiga hesabu: zaidi ya nusu siku ya kukauka. Yatosha.

Jumapili, 16
Aibu. Usiku hauna jua. Na mvua ilinyesha.
Mchungaji alisogea mbele kuhubiri, mguu ukateleza kwenye udongo mbichi, akakaa chini. Kanzu nyeupe! Mama mmoja alicheka hadi akatoka nje. Nikasema mbele ya wote kwamba ni mimi niliyemtuma mtoto. Mwalimu Mkuu: "Hiyo ni hasara, si kazi. Jumamosi aje asubuhi na wenzake, la sivyo naandika."
Mchungaji anajifuta tu.

Jumatano, 19
Dini. Atieno akasimama. "Mwalimu, kama nilienda na kazi ikaharibika, mimi ni mwana yupi?"
Nikafuta ubao. Ulikuwa safi.

Ijumaa, 21
Wote uwanjani. Nikakunja suruali, nikachukua ndoo. Kwetu mwanamume hasiribi. Wasichana wakatoka uwanjani, wakanichungulia dirishani.
"Japuonj, mwalimu wetu, tukutafutie mume?"
"Nani atatoa ng'ombe kwa mwenye ndevu!"
Nikaendelea kusiriba. Wakachoka kucheka, wakaingia mmoja mmoja. Atieno alinionyesha namna ya kuzungusha kiganja. Pembe niliyosiriba mimi ina mabonde tu. Jua lilikuwa kali bado.

Jumamosi, 22
Asubuhi Mwalimu Mkuu alifungua darasa. Wasichana nyuma yake na madebe. Sakafu kavu, yote. Akaiendea ile pembe yenye mabonde, akaigusa kwa kiatu. Akatazama kucha zangu, bado zina udongo.
Akawaambia warudi nyumbani. Hakuita majina kuona nani hayupo.
Nilibaki mlangoni kidogo. Ng'ambo ya kijito, kwa kina Atieno, walikuwa wanaimba.