Meza ya Lin, Ghorofa ya Thelathini

Dada yangu mpendwa,

Kontena limefika bandarini Jumatatu na nywele zote ni nzima, hata zile za rangi ya shaba ulizoagiza kabla hujaugua, ukidai wanawake wa Durban wamechoka na nyeusi. Nimezipanga kwenye rafu yako saluni. Hilo lilikuwa jepesi. Gumu ni kwamba Lin, yule mama anayetuuzia nywele kule Guangzhou, bado anakusalimu kila asubuhi kwenye simu yako, nami namjibu kana kwamba ni wewe.

Usinikasirikie. Nilianza wiki ile tuliyokuzika. Aliuliza umeamkaje, nikaandika, "Salama." Miezi minne sasa unaamka salama. Na juzi ameandika kwamba tukienda mwezi ujao anatuwekea meza ya watu watatu, palepale alipotualika mara ile.

Unapakumbuka. Kabla ya safari ile ulifanya mazoezi ya kula kwa vijiti, ukiokota shanga kwa mikia ya vitana viwili, wateja wakikucheka. Jioni ya mwaliko ukapika bugali na dagaa chumbani hotelini, kwenye jiko dogo la umeme ulilolificha sandukuni.

"Kula kwanza, mdogo yangu," uliniambia. "Haiko muzuri kwenda kwa batu na njaa. Batasema kwetu hakuna chakula."

Ndivyo mama alivyotulea. Nikala mpaka mkanda ukanibana.

Tukapandishwa ghorofa ya thelathini, na mezani hapakuwa na kijiti hata kimoja. Visu na uma, mvinyo kwenye glasi za miguu mirefu, vijana wa Kichina jukwaani wakiimba Kiingereza. Tulisafiri kote kule kwenda kula chakula cha matajiri wa Morningside, hapa hapa Durban! Kisha nyama ikaletwa.

"Eish," ukaninong'oneza, "hii steki iko kubwa sawa kandambili."

Mimi sikufika hata robo. Wewe ulikula yako, kisha yangu, unatabasamu huku jasho linakutiririka, kwa sababu Lin alikuwa anatutazama. Akadhani umeipenda mno, akakuagizia nyingine.

Hapo uliweka uma chini ukamwambia ukweli wote: jiko la sandukuni, bugali, dagaa, mama. Nilitamani sakafu inimeze. Lin alicheka mpaka akajifuta macho, akasema hata mama yake aliwalisha kwanza kila walipoalikwa. Urafiki wenu ulianzia pale. Mkaenda kucheza. Muziki ulikuwa wa kugongagonga tu, hauna gitaa, ukauchezea rumba hivyo hivyo na Lin akakufuata. Mimi nilibaki kulinda mikoba.

Siku zote nimekuwa mtu wa mikoba. Wewe unasema, mimi nabeba. Lakini hilo silo lililonifanya nimdanganye Lin. Duniani alibaki mtu mmoja anayejua kwamba uko hai, na kila alipokusalimu, na mimi niliamini kwa dakika mbili. Nikimwambia, nitakuzika mara ya pili. Sikutaka, dada. Mara moja ilinitosha.

Leo asubuhi nilishuka teksi pale sokoni Warwick, nikasimama karibu na wauza dawa za mizizi, nikamwandikia. Kwa simu yangu, si yako. Nikamweleza ulivyougua, siku uliyokufa, na kwamba salamu zote nilizijibu mimi. Nikaenda kufungua saluni. Nilisuka vichwa viwili vibaya, kimoja nikakifumua.

Saa saba akanitumia sauti. Alikuwa analia.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Dada yako hajawahi kuamka salama. Kila asubuhi alinilalamikia magoti."

Nilicheka peke yangu mbele ya wateja, halafu nikaenda nyuma, kwenye sinki la kuoshea nywele, nikakulilia kama ambavyo sikuwahi kukulilia. Nilipotulia nikakuta ameongeza swali: bado nitakuja, na meza iwe ya wangapi?

Nimemjibu iwe ya wawili. Na nimemwambia kwamba safari hii ninakwenda na njaa.

Kaa vizuri huko uliko, dada. Magoti yapumzike.

Mdogo wako,
yule wa mikoba