Mfalme Hakaliwi

Wifi yangu Anastazia,

Hujambo na goti lako? Dar joto, jasho linanitoka hata nikiwa nimekaa. Nasema mimi, anaandika mkwe wangu.

Vitenge vya sare yetu ya sikukuu ya Kristo Mfalme nimevipata Kariakoo, vina picha yake kubwa. Basi nikajifunga kimoja palepale dukani, uso wa Yesu ukaangukia makalioni! Nikamwambia mwenye duka, "Mwanangu, makalio yote haya nimkalie Mfalme wangu misa nzima?" Naye ni Mwislamu, akashtuka kuliko mimi. "Bibi, fungua! Huyo kwetu ni Nabii Isa. Dukani kwangu hakaliwi." Akakitandaza mezani, akanionyesha pa kukata ili uso uje kifuani, nyuma yabaki maua.

Ila kukata hivyo kunakula kitambaa, kwa hiyo cha vilemba hakikubaki. Najua mlivitaka sana, na wewe utakuwa wa kwanza kununa. Nuna. Mfalme mwenyewe alivikwa taji la miiba, sisi tutajifunga vitambaa vyetu vya zamani na hatutakufa.

Nakupenda na ubishi wako wote. Kula ushibe, nikukute umenenepa.