Bunduki ya Upepo na Ndege wa Rujewa

Jumanne, 17 Aprili 1956

Pampu sitini, mkono ukafa ganzi, nikavuta kifyatulio. Fyuu. Goroli imetoka mtutuni na kuangukia karibu na kidole changu cha mguu. Konokono angeikwepa.

Mtungi wa upepo ni ule wa shaba wa kunyunyizia mikahawa dawa. Niliupata Mbozi nilipoacha kazi kwa mzungu. Mtutu ni bomba la chuma. Kitako nimechonga mwenyewe, na ndicho kitu pekee kisichovuja.

Mpunga umeanza kuchanua. Zimebaki siku kumi, labda kumi na mbili, kabla ndege hawajaja.

Alhamisi, 19 Aprili

Nimepaka povu la sabuni kila kiungo. Mapovu yameota kwenye vali. Kwa hiyo mkosaji ni kile kipande cha ngozi kinachoziba vali kwa ndani. Nimekata kingine kutoka ulimi wa kiatu changu cha kanisani. Jumapili sitakwenda. Sababu nzuri kuliko niliyokuwa nayo Jumapili iliyopita.

Niliandike jambo lenyewe, nisije nikajidanganya. Huku mpunga unaamiwa na watoto. Wanapanda dunguni, juu ya jukwaa la nguzo, alfajiri, wanapiga makelele na madebe mpaka jua linazama, ndege wasitue. Baba Tumaini, jirani yangu, ana watoto sita na mke mwenye sauti ya tarumbeta. Ndege wakifukuzwa kwake wanatua kwangu. Kila mtoto anayezaliwa upande ule ni karamu ya ndege upande huu.

Mke wangu alirudi kwao Kilolo mwaka juzi. Hatukupata mtoto. Kwanza walisema ni yeye, halafu wakasema ni mimi.

Mwaka jana niliamia peke yangu siku tatu. Wanaume waliopita njiani waliniuliza, "We mtoto, mama yako yuko wapi?" Siku ya nne sikupanda dunguni. Ndege walikula nusu ya shamba. Jumbe akasema wazi: shamba la mfereji ni la mwenye watu. Likiliwa tena, analichukua na kumpa mwingine.

Sina shamba lingine. Wala pa kurudi.

Jumamosi, 21 Aprili

Ngozi ya kiatu ngumu mno. Upepo unapita kama mwenye nyumba.

Mama Tumaini alikuja kuomba moto. "Shemeji, hicho nini?" Nikasema pampu. "Ya kupampu nini?" Nikasema bado sijajua. Alicheka, akaondoka na kaa lake. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya wiki nzima.

Jumanne, 24 Aprili

Ngozi ya ndama, iliyolowekwa kwenye samli siku mbili. Nilijaza upepo asubuhi. Jioni bado ulikuwemo wote. Povu halikuota hata moja. Nilikaa nikilitazama povu lisiloota kama mtu anayetazama mtoto amelala.

Jumbe amepita. Akaigeuzageuza. "Hii bunduki ina kibali?" Nikamweleza haina baruti, ni upepo mtupu, na serikali haijauandikia upepo kibali. "Nyamaza," akasema. "Usiwape wazo." Ni mtu wa haki, ndiyo maana namwogopa. Atakuja kukagua mpunga Jumamosi ya wiki ijayo.

Ijumaa, 27 Aprili

Hatua thelathini. Goroli imetoboa debe, imeingia huku ikatokea kule. Nikarudia. Tena. Mara nne, matundu manane.

Nilisimama na debe mkononi nikitafuta mtu wa kumwonyesha. Mwishowe nimeliweka juu ya gogo mlangoni, matundu yakitazama njia. Hakuna aliyepita.

Jumapili, 29 Aprili

Wamekuja. Punje zina maziwa, nao wanajua siku. Wingu zima, midomo myekundu.

Nikajibanza nyuma ya tuta, nikalenga. Mmoja ameanguka. Wenzake hawakuacha kula. Aliyekuwa jirani yake akasogea kidogo, akachukua nafasi. Nikapiga wa pili. Hivyo hivyo.

Bunduki haina mlio. Miezi mitatu nimeziba kila tundu mpaka imekuwa kimya kabisa. Na ndege hukimbia kelele, hawakimbii kifo. Kila mtoto wa miaka mitano hapa Rujewa analijua hilo. Mimi najua vali.

Jumatatu, 30 Aprili

Ndege ishirini na watatu kwa kutwa nzima. Nimewakaanga kwa samli. Watamu. Ukingo wote wa mfereji masuke yamebaki mikia mitupu.

Jumatano, 2 Mei

Jana sikuandika. Niliona aibu hata mbele ya karatasi.

Leo nimepanda dunguni. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Ya pili ilitoka kama bawaba ya mlango. Ya tatu ikatoka yenyewe, na maneno ya Kihehe aliyokuwa akiwapigia ndege mama yangu, ambayo sikujua kama bado ninayo.

Upande wa pili madebe yakasimama. Halafu kicheko cha watoto. Halafu mama yao: "Shemeji! Umekanyaga nyoka?"

"Naamia!"

"Basi amia kwa akili! Tukipiga kelele sisi wanaruka kwako, ukipiga wewe wanarudi kwetu. Tunawachosha mabawa tu! Tupige kelele pamoja, waende zao mbugani!"

Tukapiga kelele pamoja. Wingu likainuka, likazunguka, likakosa pa kutua. Likaenda. Likarudi. Tukapiga tena. Hivyo mpaka magharibi.

Alipita mwanamume mmoja, akauliza mama yangu yuko wapi. Sikuwa na nafasi ya kumjibu.

Jumamosi, 5 Mei

Sauti imekwisha kabisa. Na leo ndiyo siku aliyokuja jumbe, pamoja na kijana mmoja mwenye mke na watoto, akilitazama shamba langu kama anayekagua meno ya mbuzi.

Jumbe akaniuliza nina watu wangapi wa kuamia. Nikafungua mdomo, ukatoka upepo.

Mama Tumaini akajibu kutoka dunguni kwake, bila kuulizwa: "Sauti nane, jumbe! Huku na huko, nane!"

Nilihesabu. Watoto sita, yeye, na mimi.

Jumbe akakata suke, akabana punje, maziwa yakamtoka kidoleni. "Basi tuone mavuno," akasema. Yule kijana akageuka kuangalia mashamba mengine.

Jumapili, 10 Juni

Mavuno yamekwisha. Pungufu ukingoni kwa mfereji, kwingine mazuri. Jumbe aliyaona yakiwa yamelundikwa uwanjani, akapita bila kusimama. Hilo ndilo jibu lake. Shamba ni langu mwaka mwingine.

Ndege wamehama. Baba Tumaini amebomoa dungu, mkewe anapikia nguzo zake. Watoto wako kwa bibi yao Iringa. Wafugaji wameingiza ng'ombe kwenye mabua.

Nimeshinda mlangoni. Mchana nilipaza sauti mara moja, bila sababu. Ng'ombe mmoja akainua kichwa, akanitazama kitambo. Kisha akarudia mabua yake.