Njia Niliyoifyeka

Jumamosi, 8 Aprili 1995. Sapiwi

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Kwale wawili, sungura mmoja, nguchiro watano kwa mstari. Doto aliwaona kwanza. Kulwa anabisha. Sheria ya mapacha haijabadilika tangu tufike: aliyeona kwanza anakunywa maziwa kwanza. Nimeandika Doto.

Siku ya sita ya likizo. Nyumba yetu ya Somanda tumeifunga, tuko kwa mama hadi wiki baada ya Pasaka. Kila asubuhi sisi wanne, mimi, mke wangu Limi na wasichana, tunasimama ukingoni mwa ngitili, malisho ya akiba ya marehemu baba, na kutazama. Hakuna anayeingia. Nyasi zinaachwa zikue masika yote, ili kiangazi kikikaza ndama na maksai wapate kula. Haina uzio. Inalindwa na neno tu.

Kaka Masanja anataka kuilima pamba. Mwaka jana wanunuzi binafsi walikuja na fedha mkononi, na mwaka huu wanasema watakuja wengi zaidi. Atatoa uamuzi wake siku ya Pasaka, baada ya chakula. Yeye ndiye mkubwa. Nimeshamweleza sababu zangu mara mbili. Silali vizuri.

Jumapili, 9 Aprili

Baada ya kanisa Limi alitoka peke yake kutafuta mboga za mlenda. Amerudi bila mboga. Kuna kanga anaatamia ndani ya ngitili, hatua kama sitini kutoka mlangoni, pale mifugo inapoingilia, chini ya kichaka cha mgunga. Alipotoka kwenda kudonoa, Limi alihesabu mayai. Kumi na manne.

Nilimweleza Masanja nikidhani litamgusa.

"Kanga," alisema. "Bwana mdogo, wewe unakula mshahara. Watoto wangu wanavaa nini? Nyasi hazishoni shati."

Hakuwa na hasira. Kesho anakwenda Lagangabilili kwa wakwe zake hadi Jumamosi.

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua. Digidigi mmoja. Kulwa.

Jumanne, 11 Aprili

Wasichana wanataka kumwona kanga. Nyasi zinawapita kichwa, na mama anasema mwaka huu nyoka ni wengi. Niliazima fyekeo, nikafyeka njia kutoka mlangoni hadi hatua kumi na tano kabla ya kichaka. Upana wa mtu mmoja. Dakika arobaini. Malengelenge mawili, mkono wa kulia.

Tulikwenda saa kumi na moja jioni, kwa mstari kama nguchiro. Kanga hakuinuka. Alikuwa amejibana chini, madoa yake na vivuli vya nyasi kitu kimoja, hadi Doto alipoliona jicho. Tulikaa robo saa. Limi alinishika mkono, jambo ambalo hafanyi mbele ya watoto.

Tulipotoka, jirani yetu mzee Ng'wandu alikuwa anapita na fimbo yake. Aliitazama njia, akanitazama mimi. "Mwadila." Tukasalimiana. Akaenda zake anatabasamu.

Siku nzuri. Ya kwanza tangu nifike.

Jumatano, 12 Aprili

Bariadi kwa baiskeli. Nimetuma habari ya vituo vipya vya kununulia pamba. Mhariri anataka majina zaidi. Nimerudi jioni, nimechoka, sikwenda ngitilini.

Alhamisi, 13 Aprili

Ng'ombe.

Tulisikia kengele kabla hatujafika. Makundi matatu, ng'ombe zaidi ya sitini, wametawanyika kuanzia mlangoni hadi kwenye korongo la maji linaloikata ngitili katikati. Waliingia jana nilipokuwa mjini, wakalala kwao, leo wamerudi. Mzee Ng'wandu alinijia na mikono yote miwili mbele, ananishukuru.

"Umefungua mapema mwaka huu, ngosha. Mungu akuzidishie. Baba yako hakuwa akifungua kabla ya Julai."

Ndipo nikaelewa. Ngitili hufunguliwa hivi: mwenyewe anafyeka njia mlangoni kwa mkono wake. Hapigi mbiu. Wanaopita wanaiona njia, wanajua.

Nilijua. Nikiwa na miaka minane nilimbebea baba kijiwe cha kunolea, alipofyeka. Tena nimewahi kuandika makala juu ya ngitili, safu mbili, na hilo limo.

Walitolewa kufikia saa sita. Hakuna aliyegoma, ila walinitazama kama mtu aliyekaribisha wageni kisha akaondoa chungu mekoni. Nilikwenda kwenye kichaka. Mayai matano yamepasuka. Tisa mazima. Kanga hayupo.

Kulwa alikuwa nyuma yangu. Alitazama mayai, akatazama njia, kisha miguu yangu. Akaondoka.

Ijumaa, 14 Aprili. Ijumaa Kuu

Tulisubiri hadi giza jana, kanga hakurudi. Mama aliyachukua mayai kwenye ungo, akayaweka chini ya kuku wake mwekundu anayeatamia. "Kuku hajui hesabu," alisema. Leo asubuhi bado amekaa.

Kulwa hasemi nami. Anamwambia Doto, Doto ananiambia. Asubuhi hakuna aliyekwenda ukingoni. Maziwa yalinywewa bila sheria.

Nimezunguka ua mara nyingi hadi mama akaniuliza kama nimepoteza kitu. Masanja anarudi kesho. Ng'ambo ya korongo nyasi bado zimesimama. Upande wa huku zimebaki kimo cha kifundo cha mguu, na mavi. Nimewaza kumwambia ni wafugaji waliovamia. Nimeiwaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika hapa.

Jumamosi, 15 Aprili

Nilimngoja barabarani. Nilimwambia kabla hajashuka kwenye baiskeli.

"Nani kafungua?"

"Mimi."

"Wewe? Unayeitetea?"

"Nilifyeka watoto waone kanga."

Alicheka hadi baiskeli ikamponyoka. Kisha hakucheka tena. Alikwenda kutazama peke yake, akakaa huko karibu saa nzima. Aliporudi alisema maneno machache. Aliyefungua ndiye anayefunga, nyumba kwa nyumba, kwa mdomo wake. Kesho, kabla ya chakula. "Ukimaliza ndiyo tutaongea."

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Nyumba kumi na nane. Tulitoka kanisani tukaanza hapo hapo na nguo za sikukuu. Limi hakuniacha niende peke yangu. Doto alihesabu nyumba. Kulwa alifuata nyuma, mbali, lakini alifuata.

Kila ua maneno yale yale: nilifyeka kwa kosa, ngitili imefungwa, naomba radhi. Kila ua wakanirudishia utani.

"Mwandishi wa habari hajui kusoma nyasi!"

"Andika gazetini, shemeji, sisi hatusikii kwa mdomo."

Mke wa Ng'wandu alimuuliza Limi, "Huyu nyumbani milango huwa anafunga?" Limi alijibu kuwa mlango ninaufunga, madirisha ndiyo nayasahau. Walicheka wote. Nyumba ya kumi na mbili nilianza kucheka na mimi. Mzee Ng'wandu mwenyewe hakutania. Aliniambia ng'ombe wake hawataingia, na akanipa kiroba cha viazi vikavu, kulipia nyasi walizokwisha kula.

Baada ya chakula Masanja alisimama. "Iliyoliwa ni ya pamba. Isiyoliwa ni ya ng'ombe. Korongo ndio mpaka."

Basi. Kama nisingefyeka, angeamua nini? Nilimuuliza baadaye, tukinawa mikono. Alisema alitoka Lagangabilili akiwa ameshaamua kuiacha yote mwaka mmoja zaidi.

Sijamwambia Limi.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimemwambia Limi. Alisema nimwambie na Kulwa. Nimemwambia. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kwa Doto.

Jumamosi, 6 Mei

Tumekuja toka Somanda kwa siku mbili. Masanja na wanawe wanang'oa visiki upande wa huku. Mashoka toka asubuhi. Amelima vizuri mahindi yake na atalima vizuri hapa pia.

Mayai saba yametotolewa Alhamisi. Mawili yalikuwa viza. Vifaranga wana michirizi ya kahawia na miguu myekundu, na wanakimbia kuliko kuku anavyopenda. Mama anasema wakiota mabawa watakwenda zao, na hakuna wa kuwalaumu.

Njia niliyoifyeka haionekani tena. Si kwamba nyasi zimeirudia. Pembeni yake kote pamelimwa.

Jumapili, 7 Mei

Saa kumi na mbili na robo. Tumesimama kwenye ukingo wa korongo, sisi wanne, ukingo mpya. Ng'ambo nyasi zimekuwa za rangi ya ndama. Hakukuwa na kitu kwa muda mrefu. Kisha zikatikisika.

"Kanga wawili, wakubwa," alisema Kulwa, na alikuwa ananiambia mimi. "Andika."

Kanga wawili. Wakubwa. Kulwa.