Kisu cha Antiogo na Kopo la Asali

Torino, 9 Machi 2017

Shangazi yangu Lussoria,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na yule mbuzi mweusi bado anachechemea? Mimi mzima, nakula, nalala, kazi ya ghalani inaenda, na kile kikohozi kimeondoka chenyewe bila zile dawa zako za majani, nisamehe. Kifurushi kimefika, asante sana.

Sasa kaa chini. Umekaa? Kisu cha baba kimechukuliwa na polisi.

Sijapigana na mtu! Naapa! Juzi Jumanne ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nimekaa zangu kwenye benchi, bustani ya kando ya mto, kisu mkononi. Wakaja askari wawili wa manispaa. Mmoja ana masharubu kama brashi ya viatu.

"Hicho ni nini?"

"Kisu."

"Naona ni kisu. Cha nini?"

Nikamshangaa. "Kwani wewe huna?"

Mwenzake akacheka. Masharubu hakucheka. "Lete hapa."

Sasa shangazi, wewe ndiye uliyenifundisha. Kisu mtu hampi mwenzake mkononi, sembuse kisu cha marehemu. Nikakikunja, nikakiweka kwenye benchi, nikasogea pembeni akichukue. Akaona namfanyia kiburi!

"Nimesema nipe!"

"Si hicho hapo, afande, chukua."

"Nipe mkononi!"

"Siwezi, tutakosana."

"Tumeshakosana!"

Halafu akauliza sababu ya kuwa nacho. Nikasema mazoea, kwetu kila mtu ana chake mfukoni, hata padri. Akaandika kwenye karatasi: "Mazoea." Akakitia kisu kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, wakaondoka nacho. Ule mpini wa pembe alioukwangua baba miezi miwili, kisu chake cha mwisho, umo kwenye bahasha kama barua.

Shangazi, hivi kuna sheria gani? Nimeishi miaka ishirini na mbili na kisu mfukoni na sijawahi kuisikia. Natafuta kujua, silali.

Mwanao,
Bachisio


Orunele, 20 Machi 2017

Mwanangu Bachisio,

Marahaba. Mgongo uko palepale, mbuzi amepona, wewe ndiye unayechechemea sasa. Nimesoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa hakukunisaidia.

Kwanza, ulifanya vizuri kukiweka kwenye benchi. Pili, wewe ni mjinga. Askari humwulizi kama na yeye anacho.

Nami sheria nilikuwa siijui, kwa hiyo nimeitafuta. Jumapili nilimwita mkuu wa kituo cha polisi, Bwana Ercolani, aje ale kondoo. Unamjua, yule aliyeletwa kisiwani kwetu kutoka bara, anayetokwa jasho hata Januari. Nyama ilipofika mezani akatoa kisu chake mfukoni kama watu wote. Nikamwambia, "Bwana mkuu, hicho umekibeba kwa sheria gani?"

"Mimi nakula, Mama Lussoria."

"Na ukishashiba?"

"Narudi nacho nyumbani."

"Na kesho asubuhi?"

"Kesho nitakiacha kabatini."

"Muongo."

Akameza, akanywa maji, akasema ukweli. Kununua kisu cha kukunja, ruhusa. Kuwa nacho nyumbani, ruhusa. Ukivuka nacho mlango wa nyumba yako, lazima uwe na sababu ya msingi, na uiseme palepale unapoulizwa, si kesho yake. Mchungaji malishoni anayo. Mpishi anayekwenda kazini anayo. "Na mazoea?" nikauliza. Akatikisa kichwa. Mazoea si sababu.

Nikaitazama meza nzima. Wanaume saba, visu saba. Kila mmoja nikamwona anafikiri atarudije kwake.

Sasa nijibu mambo mawili. Kisu kitarudi? Na kopo langu la asali lilifika siku gani hasa? Umeandika asante sana tu. Hujawahi kuniandikia asante sana tu.

Shangazi yako,
Lussoria


Torino, 2 Aprili 2017

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo? Wazima wote? Mimi mzima ila kichwa kinachemka!

Nimeipata sheria yenyewe! Ya mwaka 1975. Nimekwenda maktaba siku nne mfululizo baada ya kazi, yule dada wa maktaba sasa akiniona tu anatoa kitabu. Kipengele chenyewe ni kifupi kuliko orodha yako ya sokoni, lakini kukielewa ni kama kukamata sabuni iliyolowa. Kuna orodha ya vitu vya kila aina, halafu yanakuja yale maneno: bila sababu ya msingi. Basi! Hawasemi sababu zenyewe ni zipi!

Nikaanza kuuliza watu. Muuza nyama wa chini ya nyumba yetu, akitoka na visu vyake kuvipeleka kunolewa? Halali. Njiani akipitia baa kutazama mpira na visu kwenye begi? Hapo akajikuna kichwa. Bibi Ottavia wa ghorofa ya nne anaokota uyoga, ana kisu kidogo cha kukunja kama cha baba kabisa. Akiwa na kikapu, hakuna anayemgusa. Nikamwuliza, "Je, ukikisahau kikapu nyumbani?" Akasema, "Kijana, mimi nina miaka themanini na moja, nani atanipekua?" Hilo nalo kwenye kitabu halimo.

Unaona, shangazi? Sheria haikiulizi kisu chochote. Inakuuliza wewe: unakwenda wapi na hicho, saa hizi? Kisu kilekile, mfuko uleule, saa mbili asubuhi mtu mwema, saa kumi jioni mhalifu. Mimi naona ni ajabu mno. Nikifunga mlango sasa najipapasa na kujiuliza sababu hata ya miwani.

Sasa ubaya. Nimepewa wakili wa bure, Noemi Garrone, mwanamke anayeongea huku anakula. Anasema kesi ni ndogo, huenda hakimu akaniachia bila adhabu. Lakini hata nikiachiwa hivyo, kisu hakirudi. Kitaharibiwa. Kinachoweza kukirudisha ni kimoja tu: sababu ya msingi, iliyokuwepo siku ile. Na sababu iliyochelewa mahakimu huwa hawaipendi.

Akanisomea ripoti ya Masharubu. Mtu gani yule! Ameandika rangi ya benchi, hata makombo ya mkate kwenye suruali yangu ameyaandika. Kisha wakili akaniuliza, "Ulikuwa unafanya nini na kisu kilichofunguliwa?"

"Napumzika."

"Watu hupumzika na kisu wazi?"

Nikamwuliza kesi ni lini. Kesi itasikilizwa tarehe 7 Februari mwakani.

Mwanao,
Bachisio


Orunele, 11 Aprili 2017

Bachisio,

Sisi wazima. Hukujibu kuhusu kopo.

Posta wamenipa karatasi ya kifurushi. Kilichukuliwa dirishani na mwenyewe, Jumanne tarehe 7 Machi, saa tisa na dakika kumi. Wewe ulikamatwa Jumanne tarehe 7 Machi.

Makombo ya mkate. Mkate gani huliwa na kisu wazi, bila kitu juu yake?

Nakungoja.

Shangazi yako,
Lussoria


Torino, 23 Aprili 2017

Shangazi,

Shikamoo. Haya, umenishika.

Nilitoka posta nikashindwa kungoja. Miezi mitano sijaionja, shangazi! Nilikaa kwenye benchi la kwanza nililoliona, nikafungua kopo lililoandikwa asali, na ilipopanda ile harufu nikalia kidogo, usimwambie mtu. Jibini yako ya funza, imeiva sawasawa, wanarukaruka kama walivyoumbwa. Nikawa napaka kwenye mkate mkavu kwa kisu cha baba.

Kisha nikaona magwanda yanakuja. Ninachojua tangu utotoni ni kwamba jibini ya funza imepigwa marufuku, eti kwa ajili ya hao funza, tunaila milango imefungwa, na ukiulizwa nani ametengeneza, hujui. Nikalifunika kopo, nikalitia kwenye begi, begi nikalikalia. Mkate nikautupa nyuma ya benchi. Kila kitu nilikificha, shangazi, nikabaki na kisu mkononi!

Alipouliza sababu, sababu nilikuwa nimeikalia. Ningesema "nakula", angesema "unakula nini", na kopo lina mwandiko wako na anwani yako. Wangekufungia chumba cha jibini. Ungeishi kwa nini?

Kwa hiyo nyamaza tu. Kisu acha kiende. Baba mwenyewe angechagua hivyo, wewe ni dada yake.

Mwanao,
Bachisio


Orunele, 15 Juni 2017

Mwanangu,

Hujambo? Umeona nimechelewa. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa naulizauliza, na huku kwetu kila swali lina mlo wake.

Daktari wa mifugo nilimwuliza huku anapima mbuzi. "Daktari, mwanamke akitengeneza jibini fulani..."

"Jibini gani?"

"Fulani. Akimpa mtoto wa kaka yake, ana kosa?"

"Akimpa au akimwuzia?"

"Akimpa."

"Marufuku ni kuuza, Lussoria. Kutengeneza ule na jamaa zako, hakuna anayekufuata."

"Na akimpa jirani, jirani akampa vitunguu?"

Akaweka vifaa vyake kwenye begi. "Hilo sijalisikia," akasema. "Na kile kipande cha Krismasi bado kipo?"

Unaona tulivyo? Miaka yote hii tunafunga milango wala hatujui tunamfungia nani. Wewe umesoma sheria ya kisu mpaka kitabu kimechakaa, ya jibini umeisikia wapi? Kwangu. Na mimi kwa mama. Na mama hakujua kusoma.

Wewe ulinificha mimi, nimekuelewa. Lakini kisu kile kaka yangu Antiogo alikitengeneza mikono ikiwa inamtetemeka. Mimi ndiye niliyemshikia pembe isicheze akiikwangua, na hapa kwenye kidole gumba nina alama. Sitakiacha kiharibiwe kwa sababu ya kopo.

Nimekwenda kituoni. Bwana Ercolani ameandika, mimi nimetia sahihi. Alitaka kuandika kwamba sijawahi kuuza. Nikamwambia futa. Mwaka juzi kwenye harusi ya akina Puggioni niliuza vipande viwili, sitaweka sahihi kwenye uongo. Akafuta. Kisha akasema hajaulizwa kuhusu harusi, na yeye mwenyewe alikuwepo, alikula. Kwa hiyo tumeandika lililo kweli basi: tarehe fulani nilimtumia mtoto wa kaka yangu jibini niliyoitengeneza kwa mikono yangu, ale. Karatasi ya posta iko humo ndani. Chumba cha jibini wakija kukifunga, watanikuta mlangoni, nimevaa aproni safi.

Mpe wakili. Na umwambie ale polepole.

Shangazi yako,
Lussoria


Torino, 9 Februari 2018

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. U mzima? Theluji imewafikia? Mimi naandika haraka, usome taratibu.

Juzi nilisimama mahakamani, nimevaa koti la muuza nyama, kubwa kama hema. Hakimu ni mama mdogo wa umbo, ana mafua. Akasoma karatasi yako. Akaisoma tena. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema siku ile kwamba ulikuwa unakula?"

Wakili alinifundisha sentensi nzuri, ndefu. Ikanitoka kichwani yote. Nikasema, "Mheshimiwa, nilidhani jibini ndiyo kosa. Nikaficha jibini."

Akavua miwani. "Ukaficha jibini, ukabaki na kisu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Akamwita Masharubu. Jina lake Bertino. Akamwuliza, "Umeandika makombo. Mengi?"

"Mengi, mheshimiwa. Na kulikuwa na harufu."

"Mbona harufu hukuiandika?"

Bertino akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilidhani ni yeye, mheshimiwa."

Watu wote walicheka! Hata mwendesha mashtaka! Kisha hakimu akapenga kamasi, akauliza kwa nini nilikataa kutoa kisu. Nikaeleza yale mambo ya kutopeana mkononi. Bertino akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Tulisubiri saa nzima na nusu kwenye korido. Nilihesabu vigae vyote. Wakili akala matufaha mawili. Tukaitwa: sababu ilikuwepo, siku ile, mahali pale. Hakuna kosa. Kisu kirudishwe. Kuhusu jibini hakimu hakusema neno, ila alipoifunga faili alisema, "Msalimie shangazi yako."

Leo nimekwenda ofisi ya askari wa manispaa kukichukua. Njiani nikashtuka: nikitoka nacho mlangoni, nina sababu gani? Nikamwuliza mtu wa kaunta, na mtu wa kaunta ni nani? Bertino! Akafikiri, shangazi, alifikiri kweli. Akachukua fomu, akaandika kwa herufi kubwa: "Anakipeleka nyumbani." Akapiga muhuri. "Usipite popote," akasema. "Hata kahawa."

Sitakitembeza tena bila sababu. Kitakaa kwenye droo ya meza ninayolia chakula, na kopo lijalo nitalifungua hapohapo, dirisha wazi, Bibi Ottavia avumilie. Ukitaka kulituma andika tu jibini.

Lakini nilitaka kukwambia mwisho wake. Akaichana bahasha, kisu kikatoka, pembe ile ile, haina hata mkwaruzo. Nikanyoosha mkono, nilisahau kabisa, nilikuwa nakitaka tu. Bertino akautazama mkono wangu. Akakiweka kisu juu ya kaunta, akakisukuma kwa kidole kimoja mpaka katikati, akarudi nyuma hatua moja.

"Chukua mwenyewe," akasema. "Tusije tukakosana."

Mwanao,
Bachisio