Kakule Hazaliwake wa Pili

Beni, siku ya posho, kesho ni siku ya Mungu

Mama yangu mupenzi,

Wavukire, Mama. Umeamuka je? Na ile goti yako, baridi ya asubuhi inaiumiza bado? Viazi ya kando ya muto mulishavuna? Baba anakohoa bado, ao ile dawa ilimusaidia? Nakuuliza mambo mingi kwa mara moja juu telefone yako haipatake réseau huko ku mulima, na barabara unaijua: leo banapita, kesho hapana. Hii barua nampatia Papa Saidi, yule chauffeur wa Butembo anakuyaka kupakia viazi kwenu Masereka. Ameapa ataiweka mu mukono yako mwenyewe.

Mimi niko muzima. Nakula, nalala, nasali. Mais roho yangu iko inachemuka, na nataka usikie kwangu mbele bantu bakuletee maneno: inawezekana nikarudia mwaka. Hapana juu nilishindwa masomo, Mama. Juu nilikataa kuandika uongo.

Unakumbuka ile carnet, kitabu kidogo ya bleu, nilikuonyesha wakati wa Noeli? Kila mugonjwa sisi banafunzi ba udaktari tunagusa mu stage, kazi ya kujifunza ku hospitali, lazima tumuandike humo: miaka yake, shida yake, na nini nilimufanyia kwa mikono yangu. Jina hapana, ni siri ya kazi. Halafu docteur anatia signature. Bila signature ni sawa hukumugusa. Na kama maternité, upande wa kuzalisha, imekosa signature ya docteur mukubwa, mwaka imeanguka.

Sasa wenzangu banafanya je? Bengi banakaa na register ya mwaka ulipita, banakopia. Kuna moja aliandika kama alizalisha bamama batatu siku ya posho, na ile siku alikuwa Butembo ku ndoa ya binamu yake. Tuliona mapicha, anacheza na suti! Docteur alimutilia signature bila kuinua macho. Mimi carnet yangu iko nyembamba, naandika tu bale niligusa. Bananichekaka: “Kavira, umekuwa sista?” Nabajibu: sista hapana, mais mugonjwa hapana kiazi, eti nimutoe mu gunia ya mwengine nimutie mu yangu.

Sikiliza vile ilikuwa. Siku ya tatu ya hii juma, asubuhi, mvua inanyesha, akafika mwanamuke moja wa upande wa Mabalako. Alikimbia vita, anakaa kwa bantu hapa Beni. Uchungu ilikuwa imeanza, dada ya bwana yake njo alimusindikiza, beseni ku kichwa. Infirmier, muuguzi wa ku mulango, akamuuliza: “Uko na batoto ngapi?” Akajibu: “Babili.” Basi ikaandikwa mu dossier: alizaa mara mbili, hii ya tatu, hakuna shida. Docteur akatia signature chini. Noki-noki, haraka haraka, sawa anasemaka kwa Lingala yake ya Kinshasa.

Nilikuwa namupima tension ya damu. Uchungu ikamushika, ikamuacha, akageukia yule dada: “Kakule alikunywa uji?”

Mama, mikono yangu ilisimama. Kakule! Nilimuinamia ku sikio, nikamuuliza kwa Kinande kama Kakule ni mutoto wa tumbo yake. Akasema ni wake. Na Kasereka? “Iko, njo mukubwa ku nyumba.” Na Kambale? Na Paluku? Akafunga macho.

“Baliniuliza niko na batoto ngapi,” akasema. “Niko na babili. Bale bengine nilibazika. Nani anaulizaka juu ya bafu?”

Nikamushika mukono. Pole pole akanieleza: wakati wa kuzaa Kambale, damu ilitoka mpaka akazimia, banaume bane bakamubeba ku tipoyi, kitanda ya miti, mpaka ku centre de santé. Kambale mwenyewe hakumaliza wiki. Unaona, Mama? Ile jambo moja tulipashwa kujua ilikuwa imezikwa pamoja na mutoto.

Nilikimbia kwa docteur. Nikamuelezea, juu yeye hapana mutu wa kwetu: “Docteur, kwetu Banande kijana mwanaume wa kwanza banamuita Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Kakule hazaliwake wa pili. Huyu mama hii ni mara ya tano, na alishatokaka damu mubaya. Tumutie serum, maji ya ku mushipa, mbele azae.” Akacheka. “Petite, mimi nasoma dossier, sisomake majina ya batoto ba kijiji. Serum ni ya bale iko na shida.” Akachukua parapluie yake juu ya mvua, akaenda ku réunion ya bakubwa.

Mungu iko. Accoucheuse mukubwa, mama moja Munande wa Mususa mwenye kuzalisha nusu ya hii muji, alikuwa nyuma ya rideau anakunja bitambaa. Akatoa kichwa: “Umesema Kakule? Leta sindano.” Hakuuliza tena. Tukamutafutia mushipa, tukamutia serum, tukatayarisha dawa ya kukaza tumbo. Yule dada tukamutuma ku labo bapime kama damu yake inaweza kumufaa.

Mutoto akatoka, kijana, analia kwa nguvu. Halafu damu ikaanza. Ikalowesha kitanda, ikashuka, ikafika ku biatu byangu. Accoucheuse akasukuma dawa mu serum. Mimi nilikandamiza tumbo na mikono mbili, nasali Salamu Maria kwa sauti, bila haya. Sijue ni dakika ngapi. Nilisikia tu tumbo inakaza chini ya vidole yangu, damu inapunguka. Kama tungeanza kutafuta mushipa ile wakati, tungemupoteza. Leo anakaa ku kitanda, ananyonyesha, analalamika kama maharagi ya hapa haina chumvi.

Nikamuandika mu carnet. Mimba ya tano. Alizaa mara nne. Bazima babili, bafu babili. Damu mingi wakati wa kuzaa wa pili. Nilimutia serum mbele ya kuzaa juu ya ile sababu.

Jana docteur akaniita mu bureau. Accoucheuse alikuwa humo, anapanga ma register. Docteur alishapitisha bic rouge, kalamu nyekundu, juu ya line yangu ya ule mama. “Andika sawa vile dossier inasema. Mimba ya tatu. Na hii habari ya damu ya zamani, toa.” Nikajua haraka kwa nini. Bakubwa ba faculté, jury, bakisoma carnet na dossier pamoja, bataona mbili hazisemi kitu moja, na batauliza nani alitia signature ku dossier na nani alikataa serum. Akabadilisha sauti, ikakuwa ya baba: “Ni line moja tu, Kavira. Badilisha hii, bagonjwa bengine bote nabatilia signature sasa hivi.”

Line moja tu! Aka! Nikamujibu: “Docteur, mutoto bamemuita Katembo. Katembo ni kijana wa tano. Beni nzima itamuita vile mpaka azeeke. Na yeye utamupitisha bic rouge?”

Accoucheuse akaanza kukohoa, kumbe anaficha kicheko. Docteur hakucheka. Alifunga carnet, akanisukumia ku meza bila signature. “Utaenda kuelezea jury siku ya kwanza ya kazi.” Nikasema: “Nitaenda.” Nikachukua carnet, nikatoka.

Sikufiche kitu, Mama. Nilienda nyuma ya buanderie, kule banafulia mashuka, nikalia sana. Naogopa. Wenzangu bananiomba: andika tu, Kavira, umalize, ukweli yako haitakupatia diplome. Hata yule wa suti ya ndoa alikuja kunishauri, yeye! Nikanawa uso, nikarudi ku kazi.

Mama, ile siku tulikuwa tunapalia karoti, nilikuwa mudogo, nikakuuliza kwa nini naitwa Kavira, jina ya binti wa pili, na mu nyumba yetu hakuna Masika, binti wa kwanza. Uliweka jembe chini. Ulisema: “Masika alikuwa. Wewe hukukamata nafasi yake.” Ukachukua jembe tena, na hatukusemaka tena ile maneno mpaka leo. Sasa mimi nifute batoto babili ba ule mama juu nipate signature? Kama ni vile, kesho mutu atakuuliza wewe uko na batoto ngapi, na atafuta Masika wako. Hapana. Carnet yangu ibakie na line moja ya ukweli kuliko mia ya kukopia. Na kama ni kurudia mwaka, nitarudia kichwa juu. Njia ya mwongo iko fupi, na siku ya kwanza ya kazi haiko mbali. Accoucheuse amesema atakuja na mimi na uniforme yake nyeupe, na atasema mbele ya jury kile aliona, hata bamufukuze.

Baba umusalimie, umwambie asikasirike mbele asome yote. Salimia kaka yangu Paluku na bibi yake, na Koko mwenye kuzaa Baba, umwambie kitenge yake naifunga kila siku. Katekista wetu umwambie asiombe docteur anihurumie. Aombe tu magoti yangu yasimame.

Kitu moja ya mwisho. Mu karatasi ya jury kuna nafasi banauliza kwetu tulizaliwa bangapi. Miaka yote niliandikaka babili, Paluku na mimi. Leo asubuhi nimeandika batatu, na bic ya bleu, nikaikandamiza muzuri.

Wasingya, Mama, aksanti sana.

Ni mimi, binti yako wa pili,
Kavira